Sura ya Mganda: Prodyuza wa Mbinga, Binti wa Mbamba Bay na Kitufe Kilichoachwa Wazi

Kuna ukweli ambao maprodyuza wengi wa Bongo hawausemi hadharani: programu ya muziki haichaguliwi kwa masikio, inachaguliwa kwa macho. Mtu akifungua sampla mara ya kwanza, kabla hajagonga hata noti moja, ameshaamua kama ni kali au takataka. Ikiwa nyeusi, ina taa za bluu na vitufe vinang'aa kama dashibodi ya Alphard, hiyo kali. Ikiwa kijivu, na maandishi yake madogo kama risiti ya LUKU, inafungwa hapohapo na mtu anarudi kwenye ile aliyokopiwa na mshikaji kwenye flashi.

Kwa ambaye hayuko kwenye hizi mambo, sampla ni kitu kinachochukua sauti iliyorekodiwa, ya ngoma, kinanda au hata mlango unaogongwa, na kukuwezesha kuipiga kama ala. Zamani ilikuwa mashine kabisa. Akai walipotoa MPC60 mwaka 1988, waliyoichora na Roger Linn, iliwekwa vibao 16 vya mpira, vinne kwa vinne, na mpaka leo karibu kila programu ya biti inaiga ule mpangilio hata kama hakuna mpira wowote wa kugonga. Macho yamezoea.

Upande wa programu huria, zile ambazo kodi yake iko wazi na yeyote anaweza kuichukua, kuifungua na kuibadilisha, tatizo la sura ni kubwa zaidi. Chukua LinuxSampler. Injini yake ni ya maana, lakini yenyewe haina sura kabisa. Inakaa nyuma kimya, na lazima utafute programu nyingine kama QSampler au JSampler ndiyo uione kwenye skrini. Ni kama kuuziwa injini ya Scania bila bodi. Au sfizz, inayosoma mafaili ya SFZ: nyepesi, haili RAM, leseni yake haina masharti mengi. Lakini faili la SFZ ni maandishi matupu, unaandika kwa mkono kwamba sauti hii ikae noti hii, igongwe kwa nguvu hii. Mafundi wanaipenda. Mtoto wa mjini anaona kazi ya ofisini.

Sasa kuna jamaa mmoja wa Mbinga aliyeamua kulishughulikia hili tatizo, na likamgharimu kuliko alivyotegemea.

Studio yake iko nyuma ya duka la pembejeo, chumba kimoja, trei za mayai ukutani. Wateja wake ni kwaya, matangazo ya maduka, na madogo wa Bongo Fleva wanaolipa nusu leo na nusu "nikipata". Baba yake ni mkulima wa kahawa kule milimani, kwenye yale mashamba ya ngolo ya Wamatengo, yenye vishimo vilivyopangwa mteremkoni kama trei hizohizo za mayai. Laptopu anayotumia ilinunuliwa kwa hela ya kahawa ya msimu mmoja, RAM GB 4, na baba mtu mpaka leo anaiita "yale magunia yangu".

Wazo lake lilikuwa rahisi. Vijana wote wanatumia ngoma zilezile za kupakua mtandaoni, ndiyo maana nyimbo zote zinafanana. Singeli ilitoka uswahilini Dar ikavuka mpaka Ulaya kwa sababu ilikuwa na mlio wake yenyewe. Ruvuma je? Kule chini ziwani kuna mganda. Akarekodi mganda, akaufanya sampla, akaugawa bure.

Mganda, kwa msiojua, si ngoma ya kale ya porini kama watu wa mjini wanavyodhani. Chimbuko lake ni Beni, ngoma iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 ikiiga bendi za jeshi, kisha ikasambaa bara na askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ziwa lenyewe liliiona hiyo vita mapema sana: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani pale Liuli ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Sasa, pwani walikuwa na matarumbeta ya shaba. Ziwani hayakuwepo. Watu wakachukua vibuyu. Wakakitoboa kibuyu, wakaziba tundu moja kwa utando mwembamba, zamani wa buibui, siku hizi hata kipande cha nailoni, na likapatikana lipenga. Lipenga halipulizwi. Unaliimbia ndani, na utando unatetemesha sauti yako mpaka inatoka kama tarumbeta yenye mafua.

Hilo la kuimbia ndani likumbukwe, maana ndilo lililoleta kasheshe.

Wa kumchorea sura alimpata mtaa wa pili tu. Binti mmoja anayefanya kazi steshenari, kutwa anatengeneza kadi za michango ya harusi, mabango ya mahafali na fulana za kampeni. Kwao ni Mbamba Bay, na babu yake ni mtu wa mganda tangu ujana, alishapanda vyeo mpaka kapteni, kwa sababu mganda una vyeo kama jeshi. Yeye mwenyewe hakuwahi kugusa programu ya muziki. Alipoonyeshwa ile sampla ya kijivu aliuliza swali moja: "Kaka, hii umeiwekea sura makusudi ili watu waogope?"

Kurekodi walirekodi usiku, upepo wa ziwani ukiwa umetulia na injini za mitumbwi zimezimwa. Ngoma kubwa ilitakiwa ipigwe kwa nguvu tatu, taratibu, wastani na kwa hasira, na kila nguvu mara sita. Sababu yake ni kwamba ukitumia pigo moja tu, mtu akiligonga mara nane mfululizo sikio linashtuka, linasikia bunduki badala ya ngoma. Mkono wa binadamu haurudii kitu mara mbili sawasawa, kwa hiyo sampla nzuri inazungusha mapigo tofauti kwa zamu. Babu alivumilia mapigo ya taratibu kwa shida sana. "Mjukuu wangu, huyu mgeni wako ananifundisha kupiga ngoma kama nina homa?"

Halafu akachukua lipenga lake akaimba noti kumi na moja, moja baada ya nyingine, kila moja mpaka pumzi ikaisha. Asubuhi wakala ugali wa muhogo na mbasa, wakapanda gari kurudi Mbinga. Wote walidhani kazi ngumu imeisha.

Sura ya kwanza aliyochora binti ilikuwa nyeusi, ina mistari ya zambarau inayowaka, vibao 16. Jamaa aliposti picha ya skrini, watu wakalaiki mpaka akachanganyikiwa. "Noma sana." "Hii ya wapi?" "Weka linki." Ukweli usemwe, ilikuwa nakala ya kila kitu kilichowahi kuonekana. Ungeweza kuandika jina lolote pale juu na isingebadilika maana.

Lakini kazi yenyewe iliyomo mle ndani ni ya kuheshimiwa. Kitufe cha kuzungusha kwenye programu si picha moja. Ni picha nyingi zilizopangwa kama filamu, 64 au zaidi, kila moja kitufe kimesogea kidogo, na unapozungusha programu inabadilisha picha. Binti alivichora kwenye Inkscape, ambayo nayo ni huria, akaanza kwa kuzungusha kitufe kizima. Akaona kitu hakikai sawa. Alikesha akitafuta nini. Kumbe alikuwa anazungusha na kivuli chake, kwa hiyo mwanga nao ulikuwa unazunguka kama jua limepagawa. Kitufe kinazunguka, kivuli kinabaki palepale. Ni kitu kidogo ambacho hakuna atakayekusifu ukipatia, ila ukikosea kila mtu anahisi programu "haiko freshi" bila kujua kwa nini.

Kuna pia vita ya maneno. Jamaa alijifunza muziki kwa Kiingereza kama maprodyuza wote, kwa YouTube. Kwake mwanzo wa sauti ni attack na mkia wake ni release, basi. Binti aliandika Kuanza, Kuisha, Nguvu, Mwangwi. Jamaa akasema prodyuza wa Mwanza akiona "Mwangwi" atadhani ni app ya shule ya msingi. Binti akamjibu, "Akizungusha si atasikia?" Walibishana siku nzima, wateja wa kadi wakisubiri. Mwishowe Kiswahili kikakaa juu kwa herufi kubwa, na ukisogeza mshale juu ya kitufe Kiingereza kinatokea kidogo pembeni. Kitufe kimoja kiliwashinda wote kwa kicheko: kile cha kuchagua maiki iliyokuwa jirani na ngoma au ile ya mbali. Upande mmoja kimeandikwa Mbali, upande wa pili Karibu. Mwanakwaya mmoja alipokiona akaitikia, "Ahsante."

Programu waliyotumia kuunganisha yote ni HISE, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kuunda sampla zenye sura yake. Ni huria chini ya leseni ya GPL, maana yake ukijenga chombo kwa kuitumia bila kulipia leseni ya biashara, na wewe unaweka kodi yako wazi. Tatizo ni kwamba kila ukitaka kutoa chombo kamili lazima kompyuta itafsiri kodi yote upya, na kwa magunia yale ya baba hiyo ni safari. Unaanzisha, unaenda kunywa chai, unarudi, bado. Umeme ukikatika katikati, na betri yenyewe ni ya jina tu, unaanza moja.

Ndipo ikaja meseji.

Mtu mmoja wa nje, anayeuza pakiti za sauti, aliona zile picha. Akaandika kwa adabu kabisa. Alitaka kila kitu: ngoma, lipenga, sura. Alitaka kiwe chake peke yake, kodi ifungwe, na kisigawiwe bure tena. Dau lake lilikuwa dola za tarakimu nne. Jamaa ana mkopo wa vikoba unaomsubiri kila wiki, ana maiki ya kuazima, na ana baba anayeuliza magunia yamezaa nini. Mtu asimhukumu haraka.

Mnunuzi alikuwa na ombi moja zaidi: sura ibadilishwe, iwe ya "Kiafrika". Akatuma mifano. Jua linazama, mbuyu, ngozi ya chui, na katikati barakoa kubwa ya mbao yenye macho matupu. Mtu yeyote aliyewahi kupitia pakiti za ngoma za Afrika mtandaoni anazijua hizo sura. Ngoma inaweza kuwa ya Senegal, Burundi au Mbamba Bay, nguo ni ileile ya kukodi.

Binti alichora. Yeye ni mtu wa steshenari, mteja akitaka maua unaweka maua. Akachora vizuri, barakoa ikatoka na vumbi na nyufa. Halafu akasema jambo moja tu: "Twende tukamwonyeshe babu kwanza."

Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilomita 66, siku hizi lami, unashuka kutoka kwenye baridi ya kahawa na koti lako, unafika ziwani koti liko begani. Babu aliwapokea, shikamoo, marahaba, wakakaa kivulini, laptopu juu ya kigoda. Akatazama ile barakoa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni barakoa, babu. Kama pambo."

"Anacheza mganda?"

"Hapana, babu."

"Basi amekaaje kwenye nafasi ya kapteni?"

Akaingia ndani, akatoka na shati lake la mganda. Jeupe, lina mikunjo ya pasi ya mkaa iliyosimama kama kisu. Akalitandika juu ya kigoda pembeni ya ile laptopu yenye ngozi ya chui, hakusema kitu. Mganda ni mstari. Ni nguo nyeupe, mguu mmoja kwa pamoja, anayepotea hatua anaonekana. Vijana wa miaka ile waliwatazama askari, wakasema sisi tutapiga hatua vizuri kuliko wao, na kwa vibuyu.

Wakamweleza habari ya dola. Wakamweleza pia mpango wa mwanzo, wa kugawa bure. Jamaa alieleza kwa uangalifu, na heshima zote. Babu akauliza maswali mawili. La kwanza: mtu akiipiga ngoma yangu huko Ulaya, hii ya hapa itapungua? Haipungui. Basi, ngoma ni ya kijiji, achukue anayetaka, mradi aseme imetoka wapi. La pili lilikuwa kuhusu lipenga, na halikuwa swali hasa.

"Ngoma ni ngozi na mti. Humu kwenye lipenga ni mimi. Nikilala usiku, mtu nisiyemjua ananiimbisha? Na nikishakufa je, nitaendelea kuimbishwa?"

Hakukuwa na jibu la kiufundi la kumpa. Wakati wa kurekodi yule mzee alikuwa ameelewa kwamba vijana wanataka kusikiliza. Ilikuwa mpaka alipoona kidole cha mjukuu wake kinagonga kitufe, na sauti yake mwenyewe inatoka pale kigodani huku mdomo wake umefungwa, ndipo akaelewa sampla ni nini.

Njiani kurudi waligombana. Jamaa alisema mzee alikubali siku ile, noti kumi na moja aliimba mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Binti alisema alikubali kitu ambacho hakukijua, na wewe ulijua hakijui. Jamaa akasema ni rahisi kuongea hivyo kama huna mkopo. Binti akamwambia ashushwe. Alikuwa mbali na kwao, ila alishuka.

Wiki mbili hawakusalimiana. Folda nzima ilishapandishwa mtandaoni, linki iko tayari, imebaki kutumwa tu. Na pengine ingetumwa kama jamaa asingekuwa mtu wa kusoma maandishi madogo. Kwenye kuhangaika kujua anaruhusiwa kuuza nini, akasoma leseni ya ile LinuxSampler. Ni GPL, lakini waandishi wake waliongeza sharti: ukitaka kuiweka ndani ya bidhaa ya biashara, uwaombe ruhusa kwanza. Kuna watu wanawalaumu kwa hilo mpaka leo, wanasema huo si uhuria kamili. Kwa jamaa lilikuwa kioo. Watu walioandika mistari ya kodi, kitu kisicho na pumzi, walitaka waulizwe. Akasoma na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, akakuta ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi na kibali kinachotakiwa ukizipeleka sokoni. Mtaani hiyo sehemu haitajwi kabisa.

Akamwandikia mnunuzi: ngoma zipo, lipenga halipo, barakoa haipo. Meseji ikasomwa. Jibu halikuja mpaka leo.

Kisha akaenda steshenari, akanunua peni ambayo hakuihitaji. Binti akampa chenji. Siku ya pili akarudi kununua karatasi. Siku ya tatu binti akamwambia, "Kaka, utamaliza duka. Sema unachotaka."

Sura iliyopo sasa ni nyeupe. Nyeupe kabisa, na mikunjo miwili ya kijivu inayoshuka kutoka juu mpaka chini, kama ile ya pasi. Vibao havikupangwa vinne kwa vinne. Ngoma kubwa iko katikati na ndogo pembeni yake, na sauti nyingine zimesimama mstari mmoja mrefu mbele, na ukigonga kimoja kinashuka kidogo kama mtu aliyepiga hatua. Chini kabisa, kwa herufi zinazosomeka, kimeandikwa kijiji. Sauti zenyewe zina leseni inayoruhusu kila kitu mradi utaje zilikotoka, kama babu alivyosema.

Na kwenye nafasi ya lipenga kuna tundu la duara, tupu, lenye ukingo wa kibuyu. Ukilibonyeza linakwambia "Imba lako". Unaburuta humo faili la sauti yako, umeimba mwenyewe, na chombo kinaipangia noti. Jamaa aliogopa watu watadhani ni hitilafu, na kweli wapo waliouliza mbona kitufe kimoja hakifanyi kazi. Lakini dogo mmoja wa Songea aliimbia kwenye karatasi ya nailoni iliyofungwa kwenye kitana, akaweka, na biti aliyoituma ni ya kwanza kutoka kwenye hiyo sampla ambayo haifanani na ya mtu mwingine yeyote. Noti kumi na moja za babu ziko kwenye flashi moja, iko Mbamba Bay, ndani ya kikombe kabatini.

Waliopakua ni wachache kuliko waliolaiki ile ya zambarau. Mkopo wa vikoba haujaisha. Hivi sasa binti anarekebisha kasoro aliyoletewa na watumiaji: kwenye laptopu za mtumba zenye skrini ya 1366 kwa 768, na ndizo nyingi, upau wa chini wa Windows unafunika jina la kijiji. Amepunguza kimo cha ngoma kubwa pikseli 40. Jamaa ameanzisha kutafsiri kodi upya, wameenda kunywa chai.